Kadi ya Ukurasa wa Arobaini

Nikikutana tena na mtoto yatima mwenye alama ya kuzaliwa shingoni, asiyejua kwamba yeye ndiye mrithi wa kiti cha enzi, nitamshika mkono nimrudishe kwa mama yake wa kambo. Nimechoka naye. Kila riwaya ya fantasia iliyotoka miaka hii mitano ina mmoja wao, na kila mmoja analelewa na babu mwenye ndevu anayekufa ukurasa wa sabini ili mtoto apate sababu ya kutoka nyumbani. Babu akishakufa, safari inaanza. Safari yenyewe inachukua vitabu vitatu, wakati mwingine saba, na jeshi zima linavuka jangwa bila mtu hata mmoja kuuliza choo kiko wapi.

Wapo na wale wanaojiita waandishi wa mambo ya kesho. Hao wana roboti. Roboti anapenda, roboti analia, roboti anauliza maana ya maisha. Watu wamehamia mwezini na bado hakuna aliyevumbua kiti cha ofisini kisichoumiza mgongo. Na katika vitabu vyote hivyo, vya majoka na vya roboti, sijawahi kukutana na mtu aliyevaa miwani. Wote wanaona! Bibi kizee wa miaka mia tatu anamtambua adui ng'ambo ya bonde, tena kwenye ukungu. Mimi ni fundi miwani. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili nasaga lenzi, na nawaambia, nusu ya jeshi lile ingetupa mishale kwenye mahema yake yenyewe.

Hayo ndiyo maneno yangu na watu wamenizoea. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alinibatiza Mama Kasoro, jina likashika mpaka wateja wakawa wananiita hivyo dukani.

Jumamosi jioni, tukishafunga, wasomaji watano tunabanana kwenye chumba changu cha kupimia macho. Chumba ni kifupi mno, kwa hiyo chati ya herufi imechapwa kinyume na kutundikwa juu ya kiti cha mteja, naye anaisoma kupitia kioo kilichoko ukutani mbele yake. Kiti hicho hukaliwa na Mwalimu, mstaafu aliyeanzisha kikundi. Kila mwezi kitabu kimoja kipya kinazunguka mikononi mwetu, na Mwalimu alituwekea sheria: maoni si maoni mpaka yaandikwe kwenye kadi, zilezile kadi ninazoandikia vipimo vya macho, pamoja na sahihi na namba ya ukurasa uliofika. Kadi ikishatiwa sahihi haibadilishwi. Watu walikuwa na tabia ya kugeuza maneno wakishasikia wenzao wamesema nini.

Wenzangu huandika kadi wakimaliza kitabu. Mimi huandika nikifika ukurasa wa arobaini, na nilikuwa nikijisifia. Sina haja ya kumaliza sufuria nzima ndipo nijue chakula kimeungua, niliwaambia, nao wakacheka.

Mwezi huo Mwalimu alileta kitabu chenye jalada la buluu. Jina la mwandishi lilikuwa la mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Nyuma ya jalada gazeti moja lilikuwa limesema mwandishi huyu amevunja kanuni zote, na mori ukanipanda kabla sijafungua, maana wanaovunja kanuni zote kwa kawaida hawazijui. Ndani, jambo la kwanza, ramani. Nikairuka. Huwa naziruka zote. Mwandishi anayenipa ramani ameshindwa kunipeleka kwa maneno.

Nilikisoma Jumatatu, katikati ya wateja. Ilikuwa hadithi ya nchi ambayo jua linachomoza kushoto, watu wote wanatumia mkono wa kushoto, na mlinzi mmoja amewekwa juu ya mnara kuandika kila anayepita barabarani. Mlinzi haruhusiwi kushuka. Kurasa arobaini nzima hakushuka! Nikavuta kadi, nikaandika kwa kalamu nzito, nikatia sahihi, nikaisukuma kwenye mkoba. Siku ikaisha vizuri.

Jumanne asubuhi aliingia dereva mmoja wa lori kuchagua fremu. Nikampa tatu ajaribu, nikamsogezea kioo kidogo cha mezani. Kitabu nilikuwa nimekiacha kaunta, na feni ilikuwa imekipeperusha kurasa mpaka mwanzo, kwenye ramani. Dereva akainamisha kioo atazame pua yake. Mimi nikaiona ramani ndani ya kioo.

Mnara wa maji wenye mguu mmoja uliopinda. Kona ya duka la mikate. Nyumba yenye ngazi saba, kisha kiwanja cha mpira chenye goli moja tu, upande wa barabara. Mwandishi alikuwa amevipa majina makubwa, ngome na hekalu na uwanja wa vita, lakini mtaa ulikuwa mtaa wa kaka yangu, kila kitu mahali pake, kama unavyouona ukisimama dirishani kwake.

"Hii inanipendeza?" dereva akauliza.

"Hapana," nikamjibu, wala sikuwa nimemtazama.

Kaka yangu alikuwa fundi umeme. Alianguka kutoka kwenye nguzo, akavunjika uti wa mgongo, akalala miaka minne. Chumba chake kilikuwa chembamba na kitanda kiliingia kwa namna moja tu, kichwa chini ya dirisha, kwa hiyo alikuwa na dirisha na hakuweza kulitazama. Ndipo nikampelekea kioo kikubwa cha zamani kutoka chumba cha kupimia macho. Nilikifunga mwenyewe kwenye ukuta wa miguuni, kwa skrubu sita, na kwa miaka minne kaka yangu aliutazama mtaa wake ndani ya kioo. Kioo hugeuza. Kila mwenye saa mkono wa kushoto alionekana kuivaa mkono wa kulia, na jua la asubuhi lilikuja na upande usio wake. Mimi, ninayekaa na kioo kila siku ya Mungu, nilisoma kurasa arobaini za mambo hayo nikaita ujinga.

Nilimtoa dereva, nikageuza kibao cha mlangoni, nikasoma mchana kutwa mpaka ukurasa wa mwisho. Nililia, na nilikasirika kwa sababu nalia. Madaftari nilikuwa nayajua. Kila nikiingia alikuwa akiyasukuma chini ya mto. Siku moja aliniambia anatengeneza nchi, nikamwambia kama ina ramani asinionyeshe, tukacheka wote wawili. Alipofariki, miaka miwili iliyopita, madaftari yalibaki na mtu mmoja tu duniani, naye ni wifi yangu.

Wifi anafanya kazi kwenye karakana ya mapazia. Yeye ndiye mkataji. Jumatano saa tatu nilimkuta ameinama juu ya ile meza yao ndefu, chaki sikioni, anapima kitambaa cha kijivu, na nyuma yake wanawake sita kwenye cherehani.

"Wifi! Karibu. Mbona unahema hivyo?"

"Usinikaribishe. Hiki nini?" Nikakibwaga kitabu juu ya kitambaa chake.

Alikitazama, akaweka mkasi chini taratibu. "Umekisoma."

"Nimeona ramani. Mwizi mkubwa wee! Umemzika mume, ukaingia chini ya mto wake, umechukua alichokuwa nacho cha mwisho, halafu ukabandika jina la nani huyu?"

"La bibi yangu. Mzaa mama."

"Bibi yako alikuwa anapanda nguzo za umeme? Bibi yako alilala miaka minne anatazama ule mtaa?"

Cherehani zikanyamaza moja moja. Wifi hakugeuka. "Endeleeni na kazi," akawaambia, na hakuna aliyeendelea. Kisha akanikazia macho, na nikaona kwamba hata yeye alikuwa amevimba kwa hasira, tena si za siku hiyo.

"Sasa nisikilize, wifi, maana huwa hunisikilizi. Miaka minne nani alikuwa anamgeuza ubavu kila baada ya masaa mawili? Wewe ulikuwa unakuja Jumamosi asubuhi na kitabu kwapani, unasema, unasema, anacheka mpaka anakohoa, unabeba mkoba wako unaondoka."

"Na alifurahi!"

"Alifurahi. Halafu ukishatoka alikuwa anafuta."

"Anafuta nini?"

"Ulichosema. Ulisema wafalme wamezidi, akamfuta mfalme. Ulisema umechoka na majoka, akaniomba kifutio. Kulikuwa na joka moja, wifi, la kike, linaishi ndani ya mnara wa maji, mimi nilikuwa nalipenda. Limekufa Jumamosi moja kwa sababu yako. Umesoma kitabu kizima, umeona joka?"

Sikuona joka.

"Ramani aliibakiza kwa ubishi tu," akasema. "Sura nne za mwanzo ni zake, kwa mkono wake. Baada ya hapo vidole viligoma. Akawa anasema mimi naandika. Pumzi ilipopungua, nikawa naandika mwenyewe alfajiri kabla ya kuja huku, jioni namsomea, anatikisa kichwa tu, ndiyo, siyo. Mbili za mwisho niliandika hayupo. Kwa hiyo ukiniita mwizi, niambie vizuri, nimeiba kipi?"

 Nikakivuta kitabu, nikagonga jina la jaladani kwa kidole.

"Basi mbona jina lake halipo?"

"Alikataa."

"Haiwezekani."

"Alikuogopa."

"Mimi? Dada yake? Niliyemlisha kwa kijiko tangu hajaota meno?"

"Wewe." Alivuta kiti, hakukikalia. "Alisema hivi. Kitoke na jina ambalo dada halijui. Kipelekwe kwenye kikundi chenu akisome kama anavyosoma vya watu, bila huruma. Akiandika kwenye kadi kwamba amekipenda, toleo la pili liwekwe jina lake pamoja na langu. Akikichana, jina lake lisiwekwe kabisa, wala dada asijue. Mwalimu mimi ndiye niliyempa kile kitabu. Na mhariri anasubiri, toleo la pili linaingia mtamboni Jumatatu. Sasa nipe kadi."

"Kadi gani?"

"Usinifanye mtoto. Nimelala na habari za kadi zenu miaka minne. Umeshaandika?"

Mkoba ulikuwa begani na kadi ilikuwa ndani ya mkoba. Ningeweza kusema sijaandika. Wifi asingejua. Lakini katika maisha yangu nimesema mabaya mengi juu ya vitabu na sijawahi kusema uongo juu ya hata kimoja, na kaka yangu alilijua hilo, ndiyo maana alinichagua. Nikaitoa nikampa. Alivaa miwani yake, ambayo nilimtengenezea mwenyewe, akasoma kwa sauti.

"'Ukurasa wa arobaini. Mwandishi hajui jua linachomozea wapi. Watu wote wanatumia mkono wa kushoto na hatuambiwi kwa nini, huu ni ujanja wa kitoto wa kutaka kuonekana tofauti. Mhusika mkuu amekaa tu anatazama wapita njia kama mmbea wa mtaa. Mtu asiyeweza kunyanyuka alipo hawezi kubeba riwaya.'"

"Inatosha," nikasema.

"'Aliyeandika haya hajawahi kuishi, ametazama tu. Sipendekezi.'" Akaigeuza nyuma, akaona hakuna kitu. "Umetia na sahihi."

Mmoja wa washonaji alitoka nje akijifanya anafuata maji. Nilitamani kuinyakua ile kadi niitafune. Maneno yalikuwa yangu, niliyaona mazuri siku ya Jumatatu, niliyarudia kichwani nikiosha mikono. Kwenye mdomo wa wifi yalikuwa maneno ya mtu ninayeweza kumpiga.

"Andika nimekipenda," nikamwambia.

"Umekipenda?"

"Jana nimekisoma chote. Sikula, sikufungua duka. Andika."

"Nakuuliza swali moja, wifi. Umekipenda kitabu, au umempenda kaka yako?"

Nikafungua mdomo. Kulikuwa na mlinzi juu ya mnara katika sura ya nne, anamwona mwanamke anakuja na mzigo kwapani kila siku ya saba, anamjua kwa mwendo kabla hajafika kona, na siku moja anavunja amri, anapiga kengele ya furaha, mji mzima unadhani ni vita. Niliposoma hapo jana nililia kwa sauti. Lakini kama kitabu kile kingekuwa cha mtu mwingine, kama mwanamke yule asingekuwa mimi, ningelia? Au ningesema mlinzi mpumbavu, kengele ya vita haichezewi? Sikujua. Naapa sikujua, na hakuna tena namna ya kujua, kwa sababu kitabu husomwa mara moja tu bila kumjua mwenyewe, na mara yangu hiyo moja niliikomesha ukurasa wa arobaini, sura ya nne ikiwa mbele kidogo tu.

"Sijui," nikasema.

Wifi alivua miwani. Hasira zilikuwa zimemtoka, na afadhali angebaki nazo. "Nilidhani utanidanganya," akasema. "Nilikuwa nimejiandaa kukubali." Akaikunja kadi mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa aproni yake. "Basi jina halitawekwa. Nilimwahidi, wifi. Alinishika mkono nikamwahidi."

"Marehemu hana haki ya kunitega namna hii!"

"Kamwambie."

Nilitoka bila kuaga. Nilikuwa na hasira na wifi kwa kutimiza ahadi, na Mwalimu kwa sheria zake, na mimi mwenyewe kwa ule ukurasa wa arobaini. Lakini zaidi ya wote nilimkasirikia kaka yangu. Miaka minne! Jumamosi zaidi ya mia mbili nilikaa pembeni ya kitanda kile, na hakuniambia hata mara moja, dada, hiki changu, sema taratibu. Ningesema taratibu. Sina hakika. Lakini angeniambia! Na mimi je, katika hizo Jumamosi mia mbili, kuna hata moja niliyomwambia kitabu fulani nimekipenda? Vilikuwepo. Mtu hasomi maisha yake yote kitu anachokichukia. Vile nilivyovipenda nilivirudisha kabatini kimya kimya, kwa sababu vizuri havikuwa na cha kuchekesha, na nilitaka acheke.

Barabara kuu ina duka moja la vitabu. Nilikuwa nimelipita, nikarudi. Dirishani walikuwa wamepanga kitabu chetu kwa piramidi, na ndani kilijaza meza nzima karibu na mlango. Nikafungua mkoba, nikatoa kalamu ninayoandikia bahasha za lenzi, ya wino usiofutika. Nikachukua cha kwanza, nikafungua ukurasa wa ndani wenye kichwa cha kitabu. Chini ya jina la bibi yake wifi nikaandika "na", kisha jina la kaka yangu, lote, na la baba yetu mbele yake. Nikapuliza wino ukauke. Nikachukua cha pili.

Nilikuwa kwenye cha kumi na tatu muuza duka aliponiona.

"Mama! Mama, unafanya nini? Unaharibu vitabu!"

"Narekebisha."

"Weka chini hiyo kalamu! Nani atanunua kitabu kilichochorwa?"

"Kasome jina kwanza ndiyo upige kelele," nikamwambia, na mkono haukusimama. Kijana wa usalama hakuwepo, au alikuwepo akaniogopa. Muuza duka alinishika kiwiko. Nikamtazama tu, akaniachia.

Mwanamke mmoja mwenye sare ya benki alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Alikuwa amechukua kimoja kati ya nilivyokwisha kuandika, akakifungua. Alisogeza ukurasa mbali na macho kidogo, nikajua anahitaji lenzi za kusomea na hajajikubali.

"Huyu wa pili aliyeandikwa kwa mkono ni nani?" akauliza.

Kalamu ilikuwa bado mkononi. Muuza duka alisogea, naye alitaka kusikia.

"Kaka yangu," nikasema. "Sura nne za mwanzo ni zake. Ya tatu ni mbovu, ivumilie. Usiishie hapo. Ukifika ya nne utamjua."